Mche Upandwe na Karatasi Yake

Kapinga mwanangu,

Mambo ya njiani amekwisha kukueleza mama yako: maji yachemshwe, viatu usivivue ukilala, mkono wa babu yako usiuachie treni ikisimama. Sina la kuongeza hapo. Yeye anajua kufunga mizigo na kuongoza watu. Mimi najua kuandika tu, na ndiyo maana leo Jumapili, saa tisa alasiri, niko hapa biro, ofisini kwangu, mlango nimeufunga kwa ndani, ninakuandikia kwa kalamu ileile iliyonitia katika mambo haya.

Siku ya Alhamisi nilikuja na bukari, ugali wenu wa mchana, pale shuleni karibu na stesheni, ambako mnalala pamoja na wengine mkingoja treni, wiki ya tatu sasa. Ulikuwa umetoka kumpelekea maji Ilunga wa timu yetu, unayemwita yaya kama kaka yako mkubwa, ambaye mguu wake waliouvunja ulikuwa bado umefungwa kwa vipande vya mbao. Ukaniuliza polepole, mama yako asisikie: "Baba, ni nani alibaambia kama yaya Ilunga ni Mukasai?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa tayari, nawe uliona. Hukuuliza tena. Una miaka kumi na mmoja na umeshajifunza kumhurumia baba yako. Hilo limeniumiza kuliko swali lenyewe.

Kesho alfajiri treni inaondoka. Nataka uipande ukiwa na jibu mkononi, na utakapolielewa lote, hata kama ni baada ya miaka mingi, ujue lilitoka kwangu.

Nianzie kwenye kazi yangu ya ukarani, maana unaijua kwa kucheza tu. Nilipoajiriwa hapa nilikuwa nimemaliza shule ya mabruda wa misheni, wewe ukiwa na miaka mitatu. Nyumba yetu ya biashara ya matunda ilinunua machungwa na avokado kwa wakulima walio kandokando ya reli kutoka hapa Kolwezi hadi karibu na Tenke, ikauza kwenye kantini za kampuni ya migodi na hospitalini. Patroni wetu, mwenye biashara hiyo, alipenda vitu viwili, udongo na mpira, na sikuzote alivizungumza kwa pumzi moja. Alichukia kuona shamba linavunwa mpaka linachoka kisha linaachwa. Kwa hiyo mkulima aliyetuuzia matunda alirudishiwa miche. Maganda kutoka kantini yalirudi kuwa mbolea. Mifuko ya plastiki ilikatazwa kabisa kwenye kitalu. Miche yetu ilikua ndani ya vijungu vya karatasi kuukuu za biro, zilizozungushiwa chupa ya soda na kukunjwa chini. Hayo unayajua. Ni vijungu vingapi tulivikunja mimi na wewe Jumamosi, vidole vyako vikiwa vyepesi kuliko vyangu?

Na mpira. Patroni alinunua jezi za rangi ya chungwa zenye jani la kijani kifuani, akalipia viatu na lori la kwenda mechi za nje. Aliweka sharti moja tu: mchezaji aliyefunga bao apewe mche mbele ya watu baada ya mechi. Siku ya kwanza uwanja mzima ulicheka. Mashabiki wa timu ya mgodini waliimba twende tukalime, "Bende balime! Bende balime!" Ilunga, namba tisa wetu, alikuwa amefunga mabao mawili. Akaibeba miche yake miwili kama mtu aliyebeba mapacha, akaenda kusimama mbele ya mashabiki hao na kuwaambia, "Mutakuja kuniomba machungwa." Tangu siku hiyo hata waliotuzomea walikuja kumwangalia.

Miche yote aliipeleka kwa mama yake, Mama Ntumba, mjane anayelima karibu na reli, kabla ya kufika Tenke. Sasa ana miti kumi na mmoja. Unakumbuka alivyotutembeza, akiuita kila mti kwa jina la timu iliyofungwa? Huu ni Likasi, huu ni Fungurume, huu Likasi tena. Ulirudi nyumbani mikono ikinuka maganda.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Miche ilipozidi, mjumbe wa chifu mwenye ardhi za huko kwenye reli alikuja biro. Hakuwa mkali. Alikaa, akanywa chai, akasema: "Tata karani, mugeni tulimupatia udongo alime. Mahindi alime, muhogo alime. Ile tunavuna, inaisha. Lakini muti wa matunda, hapana. Mwenye kupanda muti, anasema kama pale ni pake." Ndivyo ilivyo huku, na patroni aliiheshimu desturi hiyo. Akaniagiza: katika daftari la miche, kando ya jina la kila mkulima, niandike asili ya baba yake, ili wale waliotoka mbali tuwaombee ruhusa kwa chifu kabla ya kupanda. Lilikuwa jambo jema. Ruhusa ziliombwa na zilitolewa. Hata babu yako mzaa mama, ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba wakati wa Wabelgiji, alipata miti yake kwa njia hiyo.

Daftari la timu lilikuwa jingine. Kwa ajili yake patroni aliniomba majina na namba za viatu tu. Mimi, Kapinga, niliongeza safu ya asili bila kuombwa na mtu. Nilitaka madaftari yangu mawili yafanane. Bruda aliyenifundisha uandishi alikuwa akipita na rula kati ya madawati, na daftari lenye safu zilizokamilika alilinyanyua juu darasa zima lilione. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na bado nilikuwa ninangoja mtu anyanyue daftari langu juu. Nilikwenda kwa kila mchezaji na kumuuliza kijiji cha baba yake. Walinijibu wakicheka, wengine huku wakivaa soksi. Ilunga aliniambia Gandajika. Nikashangaa kidogo, kwa sababu jina la Ilunga liko kwetu Katanga ya kaskazini na liko Kasai pia, na sikuzote nilidhani yeye ni wa kwetu. Kila mtu alidhani hivyo. Nikaandika Gandajika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini.

Mengine umeyaona kwa macho yako. Mgodi ulibomoka, mishahara ikakoma, kantini zikafungwa, machungwa yakaozea kwenye kreti mpaka nyuki wakahamia ghalani. Patroni akaenda kwao, akaniachia funguo na kuniambia nimwagilie kitalu. Halafu yakaanza maneno kwamba watu wa asili ya Kasai ndio waliokula nchi, na warudi kwao. Kwao ni wapi kwa mama yako, aliyezaliwa hospitali hii hii uliyozaliwa wewe? Babu yako alipoamriwa kutoka katika nyumba aliyokaa tangu ujana, alitoka na redio yake na funguo. Mlango aliufunga. Mpaka leo zile funguo ziko mfukoni mwake.

Kaka yangu mkubwa alikuja kwetu jioni ile. Unamjua, hakai kitini. Akasema, "Mutoto ni wetu. Baba yake ni wa hapa. Mwanamuke aende na kwabo, mutoto abakie." Mama yako hakunyanyua sauti. Alinitazama tu, na mimi nikasema utakwenda na mama yako. Nilisema huku nikiangalia sakafu, lakini nilisema. Sina mengi ya kukuonyesha kwa fahari katika barua hii, kwa hiyo hilo naomba ulikumbuke.

Siku nne baadaye Mwepu alikuja hapa biro. Mwepu wa winga ya kushoto, yule aliyekuwa akimpa Ilunga pasi za mabao. Sasa ni mmoja wa vijana wanaozunguka mitaani na vitambaa kichwani. Alikuja na wenzake wawili, na jezi yetu alikuwa ameivaa. Aliniita tata, baba, kama kawaida. Akasema, "Tata karani, tupatie ile liste ya majina ya timu. Tunataka kujua ni banani babaki, tupange mechi."

Nilijua hakuna mechi. Nataka usome hilo vizuri, maana kwa siku nyingi nilijidanganya kwamba sikujua. Nilijua tangu alipovuka kizingiti. Mikono yangu ilifungua droo kabla mdomo wangu haujajibu. Nilijiambia, katika ule muda mfupi wa kugeuza ufunguo, kwamba mji ni mdogo, kila mtu anajua nani ametoka wapi, karatasi haiongezi kitu. Nikampa ukurasa wa timu kutoka daftarini, hata nikampigia muhuri wa kupokea. Alisaini. Wakaondoka wakinishukuru.

Karatasi iliongeza jina moja. Usiku huohuo walikwenda kwa Ilunga.

Basi, Kapinga. Uliuliza ni nani aliwaambia. Ni mimi.

Kwa wiki tatu nimekuja pale shuleni kila siku na chakula, na kila siku nimempitia Ilunga mbali, nikimpungia mkono kama mtu mwenye haraka. Leo asubuhi, watu wakiwa kwenye misa ya uwanjani, nilikwenda kukaa karibu naye. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu jana. Niliyasahau yote nikasema tu kwamba ile liste niliitoa mimi.

Ilunga alikuwa akimenya muwa kwa meno. Akaendelea mpaka akamaliza kipande.

"Mi nilijua, tata karani," akasema. "Balikuja nayo mu mukono. Maandiko yako, ni nani hapa haijue? Balinipiga, mi naangalia ule mustari ulipiga chini."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akasema, "Nimwambie nani? Kapinga ananiletea maji kila siku. Nimwambie yeye?"

Kisha akaacha muwa na kuniuliza jambo ambalo sikuwa nimeliandalia maneno yoyote. "Na kitabu ingine? Ya miche. Mama iko ndani?"

Nikasema yumo.

"Iko wapi, ile kitabu?"

Nikasema daftari lipo kwenye droo, na Mwepu amekwisha kuliulizia. Alikuja Ijumaa. Wanataka kujua miti ipi kwenye reli ni ya watu wa Kasai, ili waigawane. Alinipa mpaka kesho, saa mbili asubuhi. Huko mashambani watu wako mbalimbali, majina yanachanganyika, na bila daftari lile hawawezi kujua waanzie kwa nani. Mama Ntumba bado yuko kwake. Alikataa kuja stesheni, alisema anangoja machungwa ya mti wa Likasi yaive. Na si yeye peke yake, kuna kurasa nzima.

Ilunga hakuniomba kitu. Angeniomba ningeweza kuahidi, na ahadi ingenipa nafuu. Alisema tu, "Basi uko na siku moja, tata," akarudia muwa wake.

Nilitoka pale nikitembea kama mtu anayejua aendako, lakini sikujua. Nilijaribu kujiona kesho saa mbili nimesimama mlangoni nikimwambia Mwepu hapana. Nilijaribu mara nyingi, kutoka stesheni mpaka biro, na kila mara nilijiona nikifungua droo. Ninajijua sasa. Nimeogopa tangu utoto: bruda, shefu wa kazi, kaka yangu, mtu yeyote anayeuliza swali akiwa amesimama na mimi nimekaa. Nimezoea kuwaambia wengine kwamba huo ni uangalifu. Mama yako ndiye peke yake asiyedanganyika.

Kwa hiyo, kwa kuwa sikuweza kumwamini mtu atakayekuwa hapa kesho, nimemnyang'anya daftari leo.

Nimelitoa kwenye droo nikaenda nalo kitaluni, nyuma ya ghala, pale penye kivuli cha majani ambapo ulikuwa unakaa kwenye kreti lako. Moshi wa kuchoma karatasi ungeonekana. Nikachukua chupa ya soda, nikachana ukurasa baada ya ukurasa, nikazungusha, nikakunja chini. Nilifanya haraka na vibaya. Ungenicheka, vingi vimeegemea upande. Nikavijaza udongo na mbolea ya maganda, nikang'oa miche michanga kutoka kwenye tuta, nikapanda mmoja mmoja, nikamwagilia maji mengi. Wino ulikuwa wa zamani, ukaanza kuteremka palepale. Asili za watu zilitangulia kufutika, kwa sababu safu ile iko pembeni na ndiyo iliyopata maji kwanza. Nilisimama kutazama mpaka shati langu likaloa jasho. Kisha nikavipanga vile vijungu katikati ya vingine. Jalada nimelitupa chooni.

Kesho nitasema patroni aliondoka nalo. Wanaweza kuniamini, wanaweza wasiniamini. Watapekua droo na kabati. Kitaluni wataona miche, na miche wameiona sikuzote.

Sasa unauliza kwa nini siji nanyi. Mama yako ameniuliza hivyo na nimemjibu mambo mengi ya uongo, habari za nyumba, habari za kaka yangu. Sababu ni moja. Treni itasimama Tenke kwa muda mrefu, kila mara inasimama huko, na vijana wa Mwepu wanao wenzao pale. Kesho saa mbili wakikuta biro tupu, watajua karani amekimbia na daftari, na behewa la kwanza kupekuliwa litakuwa lenu. Wakinikuta nimekaa hapa, kalamu sikioni, wana kazi na mimi. Nitajaribu kuongea polepole. Hilo naliweza, nimelifanya maisha yangu yote.

Naogopa, Kapinga. Sitaki ufikiri kwamba baba yako aligeuka mtu mwingine kwa siku moja. Mama yako usimwonyeshe barua hii kabla ya kupita Tenke, maana ataruka kutoka kwenye treni arudi kunichukua, nawe unajua hatanii.

Kama nitapata njia nitakuja nyuma yenu. Sikuambii lini. Nilikuwa mwepesi sana wa kuandika mambo yasiyoulizwa, sitaki sasa kuandika yasiyojulikana. Huko mtakakofika watakuuliza pia asili yako ni wapi. Utakuwa na jina la bibi yako wa Kasai na kabila la baba wa Katanga, na wengine wataona hutoshi upande wowote. Sina jibu la kukufundisha. Ninachokuomba ni kidogo: siku utakapokuwa wewe ndiye umekaa mezani na kalamu, na mwenzako amesimama mbele yako akivaa soksi zake na kucheka, muulize namba ya kiatu kisha umwache aende akacheze.

Nitashuka sasa hivi kuja kwenu kabla jua halijazama. Barua hii nitaitia ndani ya jezi yako ya chungwa, ile niliyokukatia mikono, chini kabisa ya mzigo. Na mkononi nitakupa kijungu kimoja. Nimekichagua kwa sababu kimesimama wima kuliko vingine. Ni mchungwa. Nilikikunja kwa ukurasa wa kwanza, wenye jina la babu yako juu, na la Mama Ntumba mistari michache chini yake, ingawa ukiutazama sasa utaona rangi ya buluu tu kama doa la nguo. Umwonyeshe Ilunga. Yeye ataelewa bila kuambiwa, na huenda akalala.

Njiani uupe mche maji kidogo, asubuhi, kwa kiganja. Mkifika mahali mtakapokaa kweli, muulize babu yako udongo mzuri uko wapi, uchimbe, uuweke kama ulivyo. Usiiondoe karatasi, mwanangu. Tulikufundisha mimi na patroni: ukiivuta utakata mizizi. Iache humo. Itaoza yenyewe, na mti utapita.

Anayekupenda, aliyeandika haya yote kwa hiari yake,

Baba yako